Mstari mmoja wa seva ulimwanika mama wa watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze habari ya maelekezo ambayo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, huyatuma pamoja na kila ukurasa, jambo ambalo sisi watu wa kompyuta tumezoea kulizungumza wenyewe kwa wenyewe, ilhali wanaoumizwa nalo ni wananchi wasiojua hata kama lipo. Nina steshenari mjini Moshi, si mbali na stendi ya mabasi, yenye kompyuta sita zinazotumiwa na yeyote anayeingia, na jioni huwafundisha vijana wachache kuandika tovuti kwa lugha ya PHP. Ninayoyasema hapa nimeyaona katika kazi hizo mbili.

Mwezi Julai, katika msimu wa maombi ya vyuo, mama mmoja aliteremka kutoka Kibosho pamoja na binti yake ili wajaze fomu kwenye mfumo wa taasisi ambayo sitaitaja. Walikaa karibu saa nzima. Walijaza namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mzazi, namba ya simu, kipato cha kaya, na hata maelezo ya kifo cha baba wa mtoto, kwa kuwa fomu iliyauliza. Walipomaliza walichapisha nakala yao, wakabofya kitufe cha kutoka kwenye akaunti, wakangoja mpaka ukurasa wa kuingilia ukarudi, wakalipa, wakaaga. Walitimiza kila kitu ambacho mtumiaji hutakiwa kukitimiza. Kijana aliyekalia kiti kile baada yao alibonyeza mshale wa kurudi nyuma mara moja tu, na fomu nzima ya mama yule ikatokea mbele yake, jina, NIDA na habari za msiba. Kijana yule ni muungwana, aliniita, akasema, “Mzee, njoo uone, hivi si vyangu.” Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile ni wangapi waliokaa pale kabla yake na hawakuniita.

Nilichomoa waya wa mtandao, kisha nikaandika upya anwani ya ukurasa ule. Ukafunguka vilevile. Hapo ndipo nilipojua kwamba kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, hakikuwa kikiiuliza seva chochote, bali kilikuwa kikisoma nakala kilichoiweka kwenye diski ya kompyuta yangu. Niliifuta nakala ile, nikaurudisha waya, nikajifungulia akaunti yangu mwenyewe katika mfumo huo, nikabonyeza F12, kitufe kinachofungua zana za kuchunguza ukurasa, na kusoma majibu ya seva moja baada ya jingine. Chanzo kilikuwa mstari mmoja: Cache-Control: max-age=86400. Maana yake ni kwamba seva inakiambia kivinjari kuwa ukurasa huu ni mpya kwa sekunde 86,400, yaani saa 24, na kwamba ndani ya muda huo hakuna haja ya kurudi kuuliza tena.

Wasomaji wengi hawana sababu ya kujua mistari ya namna hii, kwa hiyo naomba niieleze kidogo. Kivinjari kinapoomba ukurasa, seva hairudishi ukurasa peke yake. Hutanguliza mstari wa hali wenye namba kama 200 au 404, ikafuatisha mistari mifupi ya maelekezo, kisha mstari mtupu, na ndipo ukurasa wenyewe unapokuja. Mistari hiyo ya maelekezo ndiyo mafundi tunaiita heda. Aliyewahi kuona mizigo ikipakiwa stendi ya Moshi ataelewa upesi. Mtu anapomtumia ndugu yake parachichi Dar es Salaam, juu ya boksi huandika jina la mpokeaji na namba ya simu, na pengine agizo kwamba boksi lisilaliwe na mizigo mingine. Wapakizi hawafungui boksi. Hufuata kilichoandikwa juu. Kivinjari nacho hakijui kwamba ukurasa huu una habari za msiba wa mtu na ule una picha ya Mlima Kilimanjaro. Kinachojua ni kile tu ambacho seva imekiandika juu ya mzigo.

Heda hazikuwapo tangu mwanzo. Itifaki ya HTTP, yaani kanuni za mazungumzo ya kivinjari na seva, ambayo Tim Berners-Lee aliianzisha akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, katika umbo lake la mwaka 1991, ilirudisha ukurasa mtupu, bila heda wala namba ya hali. Toleo la 1.0, lililochapishwa katika waraka wa RFC 1945 mwezi Mei 1996, lilikuwa nazo tayari, na Cache-Control ikaja na toleo la 1.1 mwezi Januari 1997. Kwa hiyo anayesema leo kwamba jambo hili ni geni anazungumzia kitu chenye umri wa mtu mzima mwenye watoto.

Lililonisikitisha kuliko yote ni kwamba mama yule alikuwa amekwisha kulindwa, na mtu akauondoa ulinzi huo kwa mkono wake. Mfumo ule umeandikwa kwa PHP, nami nilijua hivyo kwa sababu kidakuzi chake, yaani alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari ili imtambue mtumiaji, kinaitwa PHPSESSID, jina ambalo PHP hulitumia yenyewe pale ambapo mwandishi hakuchagua jingine. Ndani ya majibu yale yale nilikuta pia heda ya Expires, inayotaja siku ambayo nakala huisha muda wake, yenye tarehe 19 Novemba 1981. Anayeijua PHP ataitambua tarehe hiyo mara moja. Skripti, yaani faili la maagizo ya PHP, inapoanzisha kikao cha mtumiaji kwa amri ya session_start(), PHP, kwa mipangilio yake ya kawaida, hutuma heda tatu bila kuombwa: Expires yenye tarehe hiyo iliyopita zamani, Pragma: no-cache, na Cache-Control: no-store, no-cache, must-revalidate. Waliotengeneza lugha hiyo walijua kwamba ukurasa wa mtu aliyeingia kwa nenosiri haufai kubaki nyuma yake. Expires ilikuwa bado ipo, na Pragma ilikuwa bado ipo, lakini Cache-Control ilikuwa imebadilishwa. Inaelekea mwandishi wa mfumo, baada ya kikao kuanzishwa, aliandika amri yake ya header() yenye max-age, na amri hiyo, usipoiagiza vinginevyo, huifuta heda ya jina lile lile iliyotangulia na kuweka mpya mahali pake. Kwa kuwa max-age ina nguvu kuliko Expires, ile tarehe ya mwaka 1981 ilibaki pale bila kazi, mfano wa mlinzi aliyenyang'anywa rungu.

Sidhani aliyeandika mstari ule alikuwa na nia mbaya. Kwa hakika nadhani alitaka kutusaidia. Vifurushi vya data ni ghali, mtandao wetu huchoka, na ukurasa usioombwa mara mbili humpunguzia mwananchi gharama. Nembo ya taasisi, mitindo ya ukurasa na picha za majengo zinaweza kupewa max-age ya mwezi au hata mwaka mzima, na ningemshukuru kwa hilo. Kosa lake ni kuuandika mstari huo katika faili moja linalotumiwa na kurasa zote, kana kwamba nembo ya taasisi na fomu ya yatima ni kitu kimoja. Ukurasa wenye habari za mtu unahitaji neno moja, no-store, linalokikataza kivinjari kuweka nakala tangu mwanzo. Hapa niwaonye vijana wanaosoma barua hii kuhusu maneno mawili yanayofanana nalo na yasiyofanya kazi yake. No-cache haikatazi kuweka nakala. Inataka tu nakala hiyo ihakikiwe na seva kabla ya kutumiwa tena, na mtu anaporudi nyuma kwa mshale kivinjari kinaweza kumwonyesha alichokiona awali bila uhakiki huo. Private nayo huwakataza wapatanishi wa njiani, kama seva za kampuni za mtandao, wasiweke nakala ya watu wengi, lakini kivinjari chenyewe hukiruhusu. Neno hilo limejengwa juu ya dhana kwamba kivinjari kimoja kina mwenyewe mmoja. Steshenari kwangu, katika siku ya maombi, kivinjari kimoja hupitiwa na watu kadhaa tangu asubuhi hadi jioni, na katika nyumba nyingi za huku simu moja hutumiwa na mama, watoto na shangazi. Mfumo unaotengenezwa kwa ajili ya Watanzania lazima uanze na ukweli huo.

Nilipiga simu kwenye namba ya msaada ya taasisi ile. Aliyepokea alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia kwamba tatizo ni kompyuta yangu na kwamba niwe nafuta historia kila mteja anapoondoka. Nimelitafakari jibu hilo kwa haki, na sehemu yake naikubali. Mwenye kompyuta za umma ana wajibu wake, na tangu siku ile kompyuta zote sita hufungua madirisha ya faragha, yasiyobakiza nakala yakishafungwa, ambayo mimi au kijana wangu huyafunga kabla ya mteja mwingine kukaa. Lakini jibu lile linamtwisha mzigo mtu asiyeweza kuubeba. Mwenye steshenari hajui ni ukurasa upi una siri na upi hauna, mteja hajui kwamba kuna nakala, na kivinjari hakijui lolote zaidi ya kilichoandikwa kwenye heda. Anayejua ni mmoja tu, naye ni aliyeiandika skripti, kwa sababu ndiye aliyechota namba ya NIDA kutoka kwenye hifadhidata na kuiweka kwenye ukurasa. Anayejua peke yake ndiye anayepaswa kusema.

Kwa wale wanaojifunza kazi hii, niongeze kwamba kuijua heda sahihi hakutoshi kama hujui saa ya kuituma. Heda hutangulia ukurasa, na basi likishaondoka stendi huwezi tena kuandika kitu juu ya boksi. Skripti ikishatoa herufi moja ya ukurasa, hata kama ni nafasi tupu, heda zote zilizokwisha kuandikwa huondoka nayo, na amri ya header() inayokuja baadaye hukataliwa. Wanafunzi wangu hukutana na onyo hilo karibu kila wiki, na mara nyingi hawaoni kosa kwa sababu kosa lenyewe halionekani. Huwa ni mstari mtupu uliobaki baada ya alama ya kufungia PHP mwishoni mwa faili lililoingizwa, na ndiyo maana nawafundisha wasiifunge kabisa katika faili lenye PHP tupu. Wakati mwingine ni baiti tatu, EF BB BF, ambazo Notepad ya Windows za zamani huziweka mwanzoni mwa faili lililohifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuandikia herufi za lugha zote, bila kumwambia mtu.

Wapo wanaoniambia kwamba programu hiyo hiyo ilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta zao na kuharibika ilipopelekwa kwenye seva ya kukodi. Mara nyingi sababu ni akiba ya matokeo, yaani mahali ambapo PHP hukusanya herufi kabla ya kuzituma. Faili la mipangilio linalopendekezwa pamoja na PHP huweka akiba ya baiti 4,096, hivyo herufi ya mapema hukaa ndani na heda zikapata muda wa kuandikwa, lakini seva isiyo na akiba hiyo huirusha herufi papo hapo. Jambo la hatari ni hili: kwenye seva inayotumiwa na umma maonyo ya PHP huwa yamezimwa yasionekane, na inavyopaswa kuwa ni hivyo, basi ukurasa hufunguka vizuri, kila mtu hufurahi, na heda iliyokataliwa ilikuwa ile ya no-store. Hakuna atakayejua mpaka siku kijana atakapobonyeza mshale. Nawasihi waandishi wa mifumo waweke heda zao mahali pamoja, mwanzoni kabisa mwa skripti, na katika kurasa za siri waiulize PHP kwa headers_sent() kama mlango umekwisha kufungwa. Ukiwa umefungwa, skripti isitishwe, kwa sababu ni heri mwombaji aone ukurasa wa kosa kuliko siri zake zitoke bila agizo la kuzilinda.

Ipo dosari nyingine inayotokana na kutoielewa heda, na kwa maoni yangu ni mbaya zaidi. Waandishi wengi hulinda ukurasa kwa kuangalia kama mtu ameingia, na kama hajaingia humtumia heda ya Location impeleke kwenye ukurasa wa nenosiri. Kisha huishia hapo. Lakini header() haisimamishi skripti. Huandika tu mstari mmoja na kuiacha kazi iendelee, na kama hakuna amri ya exit inayofuata, ukurasa wa siri huandaliwa wote na kutumwa chini ya agizo la kwenda kwingine. Kivinjari hufuata agizo na hakimwonyeshi mtu kilichokuwa chini yake, hivyo fundi hujaribu, huona amerudishwa mlangoni, na huamini kwamba mlango umefungwa. Mtu mwenye programu ndogo kama curl, ambayo haifuati agizo hilo mpaka iambiwe, atausoma ukurasa wote bila nenosiri lolote. Nimewaonyesha wanafunzi wangu jambo hili kwenye kazi zao wenyewe, na nimeona nyuso zao zikibadilika.

Hata mambo yanayoonekana madogo yana heshima yake. Heda ya Content-Type, inayosema ukurasa ni wa aina gani na umeandikwa kwa mfumo upi wa herufi, isipotaja charset=UTF-8, na kivinjari kikabahatisha vibaya, Kiswahili chetu huonekana kipo salama kwa kuwa hakina herufi za ajabu, mpaka tufike kwenye ng'. Tangazo la maziwa lililoandikwa kwenye Word, lenye ritifaa ya kupinda, litasomeka ngâ€™ombe, na mfugaji wa Hai ataona tovuti yake imechafuka asijue kwa nini.

Mhariri, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mimi si mwanasheria, lakini siamini kwamba taasisi imezilinda taarifa ikiwa imefunga chumba cha seva kwa kufuli mbili huku skripti yake ikiziacha nakala kwenye kila kompyuta ya mjini. Naomba walimu wa vyuo vyetu vya Arusha na Moshi wafundishe heda katika wiki za kwanza, kabla ya rangi na mitindo ya kurasa, kwa sababu nimepokea vijana wenye vyeti vizuri ambao hawajawahi hata mara moja kuyasoma majibu ya seva waliyoyaandika wenyewe.

Kwa maofisa wanaopokea mifumo kutoka kwa wakandarasi na kuidhinisha malipo, naomba wafanye jaribio ambalo halihitaji utaalamu wowote. Ingia kwenye mfumo kwa akaunti ya majaribio, fungua ukurasa wenye taarifa za mtu, toka kwenye akaunti, kisha ubonyeze mshale wa kurudi nyuma. Taarifa zikitokea, usitie saini. Ukitaka kwenda hatua moja zaidi, bonyeza F12, chagua sehemu iliyoandikwa Network, ufungue ukurasa upya na ubofye mstari wa kwanza wa orodha. Heda zote zitakuwa mbele yako kwa maandishi ya kawaida, na neno la kutafuta ni no-store. Kazi yote haizidi dakika tano.

Nimeiandikia taasisi ile barua yenye picha ya heda niliyoiona, mstari wa kubadilisha na mahali ulipo. Mama yule nilimpigia simu mwenyewe, kwa kuwa niliona si haki yeye awe wa mwisho kujua. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama afanye fomu upya. Nilimwambia kwamba fomu yake iko salama na kwamba yeye hakukosea kitu. Leo asubuhi, kabla ya kuanza kuandika barua hii, niliupima tena ukurasa ule, na max-age=86400 bado ipo pale pale.

Wako mtiifu,
Mwenye steshenari,
Moshi, Kilimanjaro